Kabla ya kesi, mwambieni mgonjwa ukweli

Mteja akiwa daktari, muuguzi au mwenye kliniki, sisi mawakili humpa ushauri uleule: usiseme neno. Usiende kwa hiyo familia, usipige simu, usitume ujumbe wa pole kwenye WhatsApp, usionekane mazishini. Lete faili hapa, mengine tuachie sisi. Ushauri huo haujaandikwa popote, lakini kila wakili mchanga huurithi kwa aliyemtangulia. Naandika kusema kwamba ni ushauri mbaya. Unamwumiza mgonjwa mara ya pili, unamwacha mhudumu wa afya na mzigo asioweza kuutua, na mara nyingi ndio unaoizaa kesi iliyokusudiwa kuzuiwa.

Ofisi yangu iko Busia, ghorofani, juu ya duka la pembejeo, karibu na barabara ambako malori husubiri zamu ya kuvuka kwenda Uganda. Wanaopanda ngazi huleta kesi za mashamba, za ajali za bodaboda, za mizigo iliyozuiliwa forodhani. Walioumizwa hospitalini ni wachache, na karibu wote hufika wamechelewa. Ukiwauliza kwa nini wamechelewa, jibu ni moja: walikuwa wakingoja kuambiwa kilichotokea.

Nitaeleza habari za mama mmoja muuza omena, nikibadilisha mambo machache ili asitambulike, wala sitaitaja hospitali. Kijana wake alikuwa mpakiaji mizigo Malaba. Gunia lilimwangukia, mkono ukavunjika chini ya kiwiko, akapelekwa hospitali na kufungwa plasta. Usiku vidole vikavimba, vikawa baridi, kijana akalia kwamba plasta inamkaba. Akaambiwa plasta huuma siku ya kwanza, avumilie. Ilipokatwa asubuhi, nyama ilikuwa imekufa kwa kukosa damu. Akasafirishwa hospitali nyingine, na huko mkono ukakatwa. Asubuhi ileile afisa wa kliniki aliyeingia zamu alimshika mama mkono, akamwambia anasikitika sana na kwamba jambo hili lisingefaa kutokea. Siku iliyofuata afisa huyo alipita mbele yake bila kumtazama. Alikuwa ameitwa ofisini.

"Mwanangu wakili," mama aliniambia, "mimi sikuja kwa sababu ya pesa. Nataka aliyekuwa zamu usiku ule aniambie kwa nini hakuikata ile plasta. Yule afisa wa asubuhi alitaka kuniambia, wakamziba mdomo. Mtu hazibwi mdomo kama hakuna kinachofichwa."

Hivyo ndivyo kunyamaza kunavyosikika nyumbani kwa mgonjwa. Wakili wa hospitali huita hali hiyo tahadhari. Familia huisikia kama kukiri hatia, tena kukiri kwa mtu asiye na haya.

Na wakati familia inangoja, saa ya sheria inakwenda. Kwa mtu au hospitali ya binafsi, sheria ya ukomo wa muda, Sura ya 22, inampa aliyeumizwa kwa uzembe miaka 3 ya kufungua kesi. Kwa Serikali ipo sheria nyingine, Sura ya 39, na humo muda wa madai ya aina hiyo ni miezi 12. Ukiishtaki hospitali ya umma, utetezi wa kwanza kuwekwa mezani ni huo wa miezi 12. Ipo njia ya kuiomba mahakama iongeze muda, lakini ni nyembamba, na humtaka mlalamishi aonyeshe kwamba mambo ya msingi hakuyajua. Angeyajuaje? Faili liko kabatini kwa wale wasiotaka kusema naye. Mama yule alifika kwangu ikiwa imepita zaidi ya mwaka. Alikuwa ameenda hospitalini mara nyingi, kila mara akiambiwa arudi wiki ijayo, mhusika yuko mkutanoni Nairobi, faili linatafutwa. Hakuna aliyemfukuza, alicheleweshwa kwa adabu mpaka haki yake ikaingia hatarini.

Sasa tuitazame hofu yenyewe, kwa maana si ya kubuni. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinaeleza kukiri kuwa ni kauli, ya mdomo au ya maandishi, inayoashiria ukweli fulani kuhusu jambo linalobishaniwa. Daktari akisema mbele ya familia, "Tulikosea, tungeikata plasta usiku," kauli hiyo inaweza kuletwa mahakamani. Kenya haina sheria inayoikinga. Juu ya hapo mikataba mingi ya bima ya madaktari ina sharti kwamba mwenye bima asikubali lawama bila idhini ya kampuni. Kwa hiyo daktari anayetaka kusema ukweli huona mambo mawili: kesi mbele na bima iliyofutwa nyuma.

Lakini sheria hiyohiyo ya ushahidi inasema kukiri si uthibitisho wa mwisho wa jambo lililokiriwa. Mlalamishi bado ana kazi kubwa. Lazima aonyeshe kwamba huduma ilishuka chini ya kiwango ambacho mtaalamu wa kazi hiyo angekifikia, na kwamba madhara yalitokana na kushuka huko, si na ugonjwa wenyewe. Hapo anahitaji daktari mwingine apande kizimbani kueleza, na kumpata daktari wa kusimama dhidi ya mwenzake katika kaunti hizi zetu ni kazi inayowatoa jasho mawakili. Radhi haitoi ripoti ya kitaalamu. Nimekaa pande zote mbili za chumba cha mahakama, na nasema bila kusita: faili lenye kurasa zilizong'olewa linaiumiza hospitali kuliko radhi yoyote.

Tusisahau kwamba kuna njia hata chini ya sheria ilivyo leo. Mazungumzo ya kutafuta suluhu, yakitanguliwa na makubaliano ya maandishi kwamba yatakayosemwa hayatatumiwa mahakamani, yanalindwa. Katiba, Ibara ya 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na usuluhishi, hata kwa njia za jadi. Wakili anayemwambia daktari afunge mdomo angeweza, kwa kazi ya asubuhi moja, kumwandikia makubaliano yatakayomruhusu aufungue.

Mashariki mwetu, si mbali kwa matatu kutoka Malaba, iko hospitali ya Bungoma. Agosti 2013 mama mmoja aliyekwenda kujifungua pale hakupata kitanda cha kujifungulia, akazirai, akajifungua sakafuni. Alipozinduka alikuwa anatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Aliyekuwa karibu alinasa video, na nchi nzima ikaona. Serikali ilikuwa imetangaza kujifungua bila malipo miezi miwili tu iliyotangulia. Mama yule alienda Mahakama Kuu. Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki yake ya heshima na ya huduma ya afya ilikuwa imevunjwa, akampa fidia ya shilingi milioni 2.5. Mahakama iliagiza pia aombwe radhi rasmi.

Hukumu hiyo ni ya kihistoria na naiheshimu. Ila kila ninapoisoma, agizo la radhi ndilo linalonishika. Ilibidi mama huyu apande na kushuka ngazi za mahakama kwa miaka karibu 5 ili Jaji aiamuru Serikali kusema kitu ambacho muuguzi mkuu wa zamu angekisema kabla ya jua la siku ile kuchwa.

Mwezi ule ule wa Machi 2018 nchi ilikuwa inazungumzia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ambako madaktari walifungua fuvu la mgonjwa asiyehitaji upasuaji, wakigundua katikati ya kazi kwamba damu iliyoganda waliyokuwa wakiitafuta haipo. Wagonjwa walikuwa wamebadilishwa. Hospitali ilitoa taarifa ya kusikitika. Lakini tazama mkono wake ulikoshuka: daktari aliyekuwa bado akisomea ubingwa wa upasuaji, wauguzi wawili na mtaalamu wa dawa za usingizi walisimamishwa kazi mara moja, na baadaye kidogo mkurugenzi naye akaambiwa akae nyumbani. Kwa muuguzi wa Kocholia au Port Victoria aliyekuwa akifuatilia habari zile, somo lilikuwa wazi. Ukweli ukijulikana, wa chini ndiye wa kwanza kuondoka.

Ndiyo sababu sitaki radhi iwe mzigo wa muuguzi mmoja. Wodi zetu nazijua. Usiku unakuta muuguzi mmoja na wagonjwa wa vyumba viwili, mwingine kalala na mwenzake kitanda kimoja, stima imekatika, mafuta ya jenereta yanasubiri sahihi ya mtu aliyekwenda nyumbani. Migomo ya 2017 na ya 2024 ilikuwa inayasema haya haya. Kosa la plasta ile lina majina mengi ndani yake, likiwemo la aliyepanga zamu. Anayestahili kusimama mbele ya familia ni msimamizi mkuu wa hospitali, kwa niaba ya taasisi, aliyehusika akiwa kando yake akitaka kuwepo. Aeleze kilichotokea, aseme hospitali ina lawama gani, na ataje kitakachobadilishwa.

Wenzetu wa nje wamelijaribu jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya kwanza ya kukinga radhi huko Marekani ilipitishwa katika jimbo la Massachusetts mwaka 1986. Chanzo chake si hospitali. Binti wa Seneta William Saltonstall aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafa. Dereva hakuwahi kusema pole, na baba akaja kujua kwamba dereva aliogopa neno hilo lisije likatumiwa mahakamani. Uingereza iliweka katika sheria yake ya fidia ya 2006 kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, kisha kuanzia 2014 hospitali za England zikawekewa wajibu wa kumwambia mgonjwa kosa likitokea. Scotland ikatunga sheria ya radhi 2016, Hong Kong 2017.

Lakini tusinunue kitu kwa kutazama jina lake. Majimbo mengi ya Marekani yalikinga neno la huruma tu: daktari anaweza kusema anasikitika, hawezi kusema alikosea. Utafiti uliochapishwa 2019 katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Stanford ulionyesha kwamba sheria za namna hiyo hazikupunguza kesi dhidi ya madaktari. Sishangai hata kidogo. Mtu aliyepoteza mkono hahitaji kuambiwa kwamba mkono umepotea. Hospitali za Chuo Kikuu cha Michigan zilifanya tofauti tangu 2001: zilichunguza kosa zenyewe, zikamweleza mgonjwa, zikaomba radhi, na pale zilipokuwa na lawama zikalipa bila kungoja kushtakiwa. Matokeo yalichapishwa 2010. Wastani wa kesi kwa mwezi ulishuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa kila mahudhurio 100,000 ya wagonjwa. Kilichofanya kazi pale ni uchunguzi, maelezo, radhi na malipo vikienda pamoja. Mbunge atakayetuletea mswada wa kukinga neno la huruma pekee atakuwa amewapa mawakili wa hospitali maneno matamu ya kumalizia mazungumzo, na mgonjwa ataondoka na swali lake lilelile.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda Michigan kujifunza mwendo wa jambo lenyewe. Kijana wa bodaboda akimgonga mtoto Adungosi au Bumala, watu wake hawangoji hati ya mahakama. Humchukua liguru, yaani mzee wa kijiji, wakafika kwenye boma la aliyeumia, wakakaa. Huulizia hali ya mtoto, husema ni kijana wetu aliyemgonga, hueleza walichokuja nacho kwa ajili ya matibabu na walichokosa. Polisi wanaendelea na kazi yao, bima inaendelea na yake. Sijapata kuona familia iliyopokea ujumbe wa namna hiyo ikisimama kortini kusema, "Walikuja kwetu, basi wana hatia." Nimeona mara nyingi ile isiyofikiwa na mtu ikiapa kuuza ng'ombe wa mwisho ili kesi iende mbele.

Mpaka nao una lake katika jambo hili, na Nairobi hawalioni. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na tangu hapo mzigo unakaguliwa mara moja badala ya mbili. Mgonjwa hana mfumo kama huo. Uganda iliondoa ada katika hospitali za serikali mwaka 2001, hivyo wako Wakenya wa hapa mjini wanaovuka kwenda Masafu. Na wako wa Tororo na Busitema wanaokuja upande huu wakitafuta kipimo au daktari. Dereva wa lori anaumwa kwenye foleni ya Malaba, anadungwa sindano, kesho yuko Jinja. Akidhurika, kesi yake iko nchi moja, faili liko hapo, mwili na umaskini wake viko nchi nyingine. Kuja mahakamani kwake ni nauli ya kuvuka, siku ya kazi iliyopotea, na wakili wa nchi isiyo yake. Kwa mtu huyo, ukweli anaopewa kabla hajaruhusiwa kutoka wodini huenda ndiyo haki pekee atakayoipata maishani.

Wala Waganda si wageni wa jambo hili. Mwaka 2012 mume na mke walipata mapacha katika hospitali ya Mulago, wakakabidhiwa mtoto mmoja na maiti ambayo vipimo vya vinasaba vilionyesha si ya mtoto wao. Mahakama Kuu ya Kampala iliwapa shilingi za Uganda milioni 85 mwaka 2017. Walichokuwa wakikitafuta miaka yote ile kilikuwa jibu: mtoto wetu yuko wapi?

Wapo watakaosema kwamba hospitali ya kaunti ikianza kukiri makosa, fidia zitamaliza bajeti ya dawa. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu dawa zenyewe hazitoshi. Lakini pesa hizo zinatoka hata sasa. Zinatoka baada ya miaka, zikiwa na riba, gharama za mawakili wa pande mbili, na hukumu ambayo kaunti huikatia rufaa na kushindwa tena. Kumlipa mpakiaji mizigo aliyepoteza mkono mapema, kumtafutia mkono bandia na mtaji wa kibanda, ni nafuu kuliko safari hiyo yote. Na kosa lililosemwa wazi hurekebishwa. Kama usiku ule ungeelezwa, leo kungekuwa na karatasi ukutani katika wodi ile yenye amri moja: vidole vikiwa baridi, kata plasta, uliza baadaye.

Sheria ya Ushahidi hubadilishwa na Bunge la Taifa, na hilo litachukua muda wake. Hospitali zetu hata hivyo ziko chini ya kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamikia alivyotendewa katika kituo cha afya na lalamiko lake kuchunguzwa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kupeleka ombi katika bunge la kaunti. Nimeandika ombi hilo kwa bunge la Busia. Linaomba kila hospitali ya kaunti iwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye jukumu la kukutana na familia ndani ya siku 7 baada ya tukio, azungumze nayo kwa Kiteso, Kisamia, Kijaluo au Kiswahili, lugha yoyote ambayo familia itachagua. Linaomba nakala ya faili itolewe bila kuzungushwa, na ripoti ya uchunguzi isomwe kwa familia kabla ya kupelekwa popote pengine. Linaomba wagonjwa wanaotoka Uganda watendewe sawa na wetu, na wasomewe ripoti yao hata kwa simu ikiwa hawawezi kuvuka.

Kipengele cha mwisho ndicho nitakachokipigania zaidi, na najua mawakili wenzangu wa kaunti hawatakipenda. Nataka ofisi ya mwanasheria wa kaunti iagizwe kwamba, pale ambapo hospitali haijaipa familia ripoti, isithubutu kwenda mbele ya hakimu na kudai kwamba miezi 12 imepita. Kama kaunti inataka kuihesabu miezi hiyo, na ianze kuihesabu siku ile familia ilipokabidhiwa karatasi mkononi, ikatia sahihi kwamba imeipokea na imesomewa.